Sahani ya bibi isitengwe: maswali yenu kuhusu Alzheimer

Mwezi huu maswali ni mengi kuliko nafasi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: kama ugonjwa wa Alzheimer unaambukiza. Kuna sauti iliyorekodiwa inayopita kwenye simu za watu, ikidai kwamba wataalamu wa Uingereza wamethibitisha hivyo na kwamba anayeuguza mzee avae barakoa. Nimechagua maswali ambayo yamenikosesha usingizi. Yale yanayojirudia kila mwezi nimeyajibu kwa ufupi.

Sista, shikamoo. Mama mkwe wangu ana Alzheimer, huu ni mwaka wa pili. Mume wangu ameniagiza nimtengee sahani, kikombe na kijiko kwa sababu tuna watoto wadogo. Dada wa kazi naye anafua nguo zake kwenye beseni la peke yake. Tunafanya sawa? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Hamfanyi sawa. Ukimaliza kusoma hapa, irudishe hiyo sahani kabatini ikae na za wenzake.

Alzheimer haina kijidudu kinachotoka kwa mgonjwa kwenda kutafuta mwili mwingine. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wa mama mmoja aliyefariki baada ya miaka ya kupoteza kumbukumbu. Alikuta mabonge yaliyojikusanya kwenye nafasi kati ya seli na seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Mwili wa mgonjwa ndio unaozitengeneza, nazo hulimbikizana kimyakimya miaka kumi hata ishirini kabla mtu hajaanza kusahau jina la mjukuu wake. Mate yake, jasho lake, kikohozi chake, mkojo wake, machozi yake: hakuna hata kimoja kitakachokupa ugonjwa huu. Hata kifua kikuu, ambacho kweli kinaambukiza, hakipiti kwenye sahani. Kinapita kwenye hewa. Sijui ni lini tulijifunza kwamba kila ugonjwa tunaouogopa dawa yake ni kutenga kijiko.

Nguo zilizochafuka kwa choo mzifue peke yake, kama mnavyofua nepi za mtoto, na mnawe mikono kwa sabuni. Hiyo ni kwa ajili ya kuhara na minyoo. Nguo zake nyingine ziingie beseni moja na zenu.

Nimefanya uuguzi miaka thelathini na moja. Mgonjwa wa namna hii husahau kama amekula, husahau leo ni siku gani, lakini akisukumwa kando anajua. Nilimtembelea mama mmoja aliyeacha kula kabisa, familia ikadhani ugonjwa umefika mwisho. Walikuwa wamemhamishia jiko la nje na bakuli lake la plastiki. Tulipomrudisha kwenye sinia na wajukuu, alikula siku ileile. Mama mkwe wako hawezi kukuambia kwamba anaumia. Basi mwangalie anavyoshika kile kikombe.

Naweza kuipata nikilala kitanda kimoja na bibi? (Kidato cha pili, Singida)

Huwezi. Lala naye, na akiamka usiku mshike mkono umfikishe chooni asije akaanguka.

Sista, mimi nipo Leicester, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila siku naogesha na kulisha wagonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2024 hapa ilitangazwa kwamba watu wameambukizwa ugonjwa huu hospitalini. Mke wangu ni mjamzito na ameniomba niache kazi. Nisemeje? (Msomaji, Uingereza)

Wewe umeuliza vizuri, maana umetaja chanzo. Ile sauti inayozungushwa imekata habari katikati, ikachukua kichwa na kuacha mwili. Ngoja niieleze yote.

Kati ya mwaka 1959 na 1985, watoto wapatao 1,848 nchini Uingereza waliokuwa wamedumaa kwa kukosa homoni ya ukuaji walichomwa sindano za homoni hiyo. Wakati ule hakukuwa na namna ya kuitengeneza maabara. Ilikamuliwa kutoka kwenye maiti, kwenye tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo, na tezi za maiti wengi zilichanganywa pamoja. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya dawa ile ilikuwa imechafuliwa na prioni, protini zilizojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo. Makumi ya vijana wale walikufa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huua ubongo haraka sana. Mwaka 1985 dawa ile ilisimamishwa, na homoni ya kutengenezwa ikachukua nafasi yake.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha UCL jijini London, wakiongozwa na Profesa John Collinge, walichunguza bongo za baadhi ya waliokufa. Wakakuta amiloidi kwa watu ambao umri wao haukutosha kabisa kuwa nayo. Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba chupa za dawa ya zamani zilizokuwa zimehifadhiwa zilikuwa na amiloidi ndani yake. Kisha Januari 2024 wakatoa taarifa ya watu wanane waliochomwa homoni ile utotoni. Watano kati yao walikuwa wameanza dalili za kupoteza akili wakiwa na umri wa miaka 38 hadi 55. Hiyo ndiyo habari uliyoisikia.

Sasa tazama njia iliyohitajika. Ilibidi kitu kitoke kwenye ubongo wa maiti, kiingizwe mwilini kwa sindano, kirudiwe kwa miaka, kisha ipite miongo kadhaa. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1985. Watafiti walewale walisema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa Alzheimer inapita kati ya watu katika maisha ya kawaida au katika kumhudumia mgonjwa. Sauti inayozunguka imeliacha sentensi hilo nje, na aliyeliacha amewakosea wazee wengi. Hata kuru, ugonjwa wa prioni uliowaua watu wa kabila la Fore kule Papua New Guinea, ulipita kwa sababu ndugu walikula miili ya wafu wao katika maombolezo, ubongo ukiwemo. Mila ile ilipokoma, ugonjwa ukapungua hadi kutoweka. Waliowaogesha wagonjwa hawakuupata kwa kuwaogesha.

Fundisho la utafiti ule liko kwenye vyumba vya upasuaji. Vyombo vinavyotumika kwenye ubongo lazima visafishwe kwa utaratibu mkali kuliko vingine, kwa sababu protini hizi hung'ang'ania chuma na haziuawi kirahisi kama bakteria. Wizara na hospitali zetu zilichukue jambo hilo kwa uzito. Kitambaa chako cha kuogeshea mgonjwa hakihusiki.

Mwambie mkeo ukweli: mimba yake haina hatari yoyote kutokana na Alzheimer ya wagonjwa hao. Kuna hatari nyingine kazini kwako ambazo hukuniuliza. Mgongo wako, ukiwa unanyanyua watu peke yako. Homa ya mafua na norovirusi, virusi vya kutapika na kuhara, ambazo huzunguka sana kwenye nyumba hizo wakati wa baridi na ambazo ndizo unazoweza kumpelekea nyumbani. Chanja, nawa mikono, na ukatae kumnyanyua mtu mzima bila mwenzako.

Kwenye barua yako ulitaja pia habari kwamba chanjo ya mkanda wa jeshi inapunguza dimenshia, yaani magonjwa ya kupoteza akili na kumbukumbu, Alzheimer ikiwemo. Ni kweli. Huko Wales chanjo ile ilitolewa kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933, waliozaliwa kabla ya hapo wakakosa. Watafiti wakayalinganisha makundi hayo mawili, na mwaka 2025 wakachapisha kwamba waliopata chanjo walipungukiwa na uwezekano wa kupata dimenshia kwa karibu asilimia 20 katika miaka saba. Huenda virusi vinavyolala mwilini vinauchosha ubongo. Lakini virusi vya mkanda wa jeshi ni vilevile vya tetekuwanga, na wengi wetu tunavyo tangu utotoni. Kumtenga mzee hakutakuondolea.

Je, sufuria za aluminiamu zinaleta Alzheimer? (Wasomaji saba, mikoa mbalimbali)

Hili ni jibu la tano tangu mwaka jana. Uchunguzi wa miaka mingi haujathibitisha hivyo. Pikieni. Mnaotuma ujumbe ule wa sufuria, angalieni kwanza chini yake kama hakuna mtu anayewauzia sufuria nyingine.

Huu si ugonjwa wa wazungu? Babu zetu hawakuwa nao. (Mkulima, Hai)

Umeniandikia kutoka Hai, na Hai ndiko ulikofanyika utafiti maarufu wa dimenshia hapa Tanzania. Mwaka 2009 na 2010 watu wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walipimwa vijiji kwa vijiji wilayani kwako. Kama sita katika kila mia walikutwa na tatizo. Babu zetu walikuwa nao. Wengi walifariki kabla ya kufika umri wa kuonyesha, na waliofika tuliwaita wamerudi utotoni.

Baba yangu anahitaji upasuaji na ataongezewa damu. Naogopa, je, kama aliyechangia alikuwa na mwanzo wa Alzheimer? (Tanga)

Muache aongezewe. Uswidi na Denmaki zina kumbukumbu za damu za miaka mingi, kila chupa ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Watafiti walifuatilia wagonjwa zaidi ya milioni moja waliotiwa damu kati ya 1968 na 2012. Waliopokea damu ya watu waliokuja kupata dimenshia hawakuugua zaidi ya waliopokea damu ya wengine. Mwaka 2023 watafiti wa nchi hizohizo walitoa dalili ya jambo jingine, kuhusu wachangiaji waliokuja kuvuja damu kwenye ubongo mara kwa mara, na jambo hilo linaendelea kufuatiliwa. Si Alzheimer, na si sababu ya kuikataa damu inayomwokoa mtu leo.

Damu ya benki hupimwa VVU, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Magonjwa hayo ndiyo yanayopita kwenye damu. Na wewe mwenyewe ulichangia lini mara ya mwisho?

Mke wangu ana Alzheimer mwaka wa nne, namhudumia mwenyewe. Nilisoma kwamba wenza wa wagonjwa hawa nao huupata. Siku hizi nasahau nilipoweka funguo, juzi nimesahau chungu jikoni kikaungua. Nadhani umeshanipata. (Mzee wa miaka 71, Bukoba)

Shikamoo mzee wangu. Barua yako niliisoma mara tatu.

Ulichokisoma kipo. Katika kaunti ya Cache, jimbo la Utah huko Marekani, watafiti walifuatilia jozi 1,221 za mume na mke waliokuwa na miaka 65 na zaidi, na mwaka 2010 wakatoa matokeo: mtu ambaye mwenza wake alipata dimenshia alikuwa na uwezekano mara sita wa kuipata naye, ukimlinganisha na yule ambaye mwenza wake alikuwa mzima. Watu wakakimbilia kusema ni maambukizi. Lakini wenza hula chakula kimoja miaka arobaini, chumvi ileile, moshi uleule. Na juu ya hayo kuna mzigo wenyewe wa kuuguza: kukesha, kunyanyua, kuogopa, kulia peke yako bafuni. Mwili unaokaa katika hali hiyo miaka minne unamwaga homoni za msongo kila saa, na sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu huumia kwa homoni hizo. Shinikizo la damu hupanda. Sonona huingia, na sonona kwa mzee inafanana sana na kusahau.

Kwa hiyo usijipime kwa chungu kilichoungua. Nenda kapimwe. Presha, sukari, damu, tezi ya shingoni, na umwambie daktari unalala saa ngapi. Sijakuona, lakini ulivyoniandikia, na mpangilio wa barua yako ulivyo safi, naona mtu aliyechoka kupita kiasi.

Sasa nawageukia watoto wa mzee huyu, na watoto wote wa wazee wanaosoma hapa. Baba yenu ameniandikia kwamba mpo watano. Mnatuma hela kwa simu kila mwisho wa mwezi, mnaweka na ya kutolea, mnaona mmemaliza. Hela ni nzuri na pampasi ni ghali. Ila hela haimgeuzi mama saa nane usiku. Haikai naye Jumapili ili baba aende kanisani. Katika familia nyingi nilizozijua anayeuguza ni mmoja: binti wa mwisho, ambaye hajaolewa, au mume mzee, au dada wa kazi mwenye miaka kumi na saba asiyeelezwa chochote kuhusu ugonjwa. Wengine wanafika Krismasi na kukosoa jinsi mgonjwa alivyokonda. Kaeni kikao, pangeni zamu kwa majina na tarehe. Asiyeweza kuja amlipe mtu wa kumpumzisha baba siku mbili kwa wiki. Mkichelewa, mtakuwa na wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja, na hamtakuwa na virusi vya kuvilaumu.

Bibi aliugua, shangazi akaugua, sasa baba. Ni ya ukoo? Nitawaambukiza wanangu? (Mwalimu, Dodoma)

Kuambukiza na kurithi ni mambo mawili. Ipo Alzheimer inayorithiwa moja kwa moja, lakini ni nadra, haifiki mtu mmoja katika kila mia ya wagonjwa. Inaanza mapema, kabla ya miaka 65. Mfano unaojulikana zaidi uko Colombia, mkoa wa Antioquia, ambako daktari Francisco Lopera alichunguza ukoo mkubwa kwa miongo kadhaa. Waliorithi jeni yenye hitilafu huanza kupoteza kumbukumbu katika miaka ya arobaini. Ndugu zao wa tumbo moja wasioirithi hawapati ugonjwa huo wa mapema, ingawa wamekula pamoja, wamelala pamoja na kuwauguza hadi mwisho. Anayetaka hoja dhidi ya maambukizi aifikirie hiyo.

Bibi, shangazi na baba yako waliugua wakiwa na umri gani? Kama ni baada ya 70, hatari yako imeongezeka kiasi, na sehemu yake iko mikononi mwako. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilihesabu mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, ikataja mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kuumia kichwa, upweke na hewa chafu. Mwalimu, mara ya mwisho kupima presha ni lini? Na baba akivaa kifaa cha kusikilizia msimcheke. Bodaboda bila kofia ngumu nayo imo katika orodha, kwenye kuumia kichwa.

Ina maana hakuna kabisa ugonjwa wa kusahau unaoambukiza? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mwanza)

Upo, na nakushukuru kwa kuniuliza, maana nikiishia kusema "hapana" nitakuwa nimewadanganya. Alzheimer ni aina moja ya dimenshia, ingawa ndiyo kubwa. VVU visipotibiwa vinaweza kuharibu akili ya mtu hadi asahau kazi yake. Kaswende iliyokaa miaka bila dawa huingia kwenye ubongo. Mayai ya tegu wa nguruwe, yakimezwa kwa mikono au mboga zenye uchafu wa choo, hutoa viluwiluwi vinavyojenga vifuko ndani ya ubongo; mtu anapata kifafa, wakati mwingine anabadilika akili. Ndiyo maana mtu akianza kusahau hapaswi kupewa jina la ugonjwa sebuleni. Apimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iliyolegea, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka bafuni: yote haya huvaa sura ya Alzheimer, na yote yana matibabu. Nimewaona wazee waliofungiwa ndani mwaka mzima kumbe walihitaji sindano za B12.

Ukihitimu, usiwe yule anayeandika "uzee" kwenye kadi na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Mama alikuwa mzima hadi Jumatatu. Tangu Jumanne anaongea vitu visivyoeleweka, usiku anaona watu ukutani. Jirani anasema ni Alzheimer, nimeshamnunulia dawa ya mitishamba ya laki moja na nusu. (Kahama)

Nimeomba ofisi ikupigie kabla hili halijachapishwa. Kwa wengine: Alzheimer haiji Jumanne. Mzee akibadilika akili ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, kiharusi, kukosa maji, au dawa mpya aliyoanzishwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na mbebe dawa zake zote kwenye mfuko.

Kuhusu hiyo laki moja na nusu, nimeshindwa kulala. Hakuna dawa inayoponya Alzheimer, wala ya hospitali wala ya mti. Donepezili na memantini hupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Dawa mpya za kuondoa amiloidi zilizoidhinishwa Marekani, lekanemabu mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024, hupunguza kasi kidogo kwa walio mwanzoni, ni ghali mno, na zinahitaji kipimo cha picha za ubongo kila mara kwa sababu zinaweza kuuvujisha damu. Anayekuuzia chupa na kukuahidi kumbukumbu zitarudi anakuibia.

Ili baba alale nampa Piriton mbili usiku. Nimeona kwenye duka la dawa wanampa kila mtu. (Kigamboni)

Acha. Piriton, pamoja na dawa nyingi za mzio na kikohozi zinazoleta usingizi, huzuia kemikali ileile ambayo ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer tayari imempungukia. Atalala, kisha ataamka amechanganyikiwa zaidi, mkojo utamziba, ataanguka. Valiamu nayo vilevile inaangusha wazee. Dawa za kutuliza vichaa, kama haloperidoli, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimenshia. Zisianzwe bila daktari kumwona na kupanga siku ya kuzisimamisha. Mtoe juani asubuhi, atembee, asilale mchana kutwa, chai ya rangi isipite saa nane mchana. Taa ndogo ibaki imewaka.

Habari ya huko Sista. Nyanya yetu alipatikana usiku kwenye boma la jirani akiwa hana nguo. Sasa watu wanasema ni mchawi, na kwamba anaambukiza wajukuu uchawi ndiyo maana mmoja hafanyi vizuri shuleni. Kuna vijana wametamka maneno mabaya. Amepimwa Malindi, ni Alzheimer. (Kilifi)

Hili ningelijibu hata kama ungekuwa peke yako uliyeniandikia mwaka huu.

Mgonjwa wa Alzheimer hupoteza saa mwilini mwake. Jua likizama wasiwasi unampanda, anaamka saa tisa akidhani ni asubuhi, anatafuta nyumba ya mama yake aliyefariki zamani. Joto likimsumbua anavua nguo kwa sababu ameshasahau kwamba kuna watu. Anaongea na walio ukutani. Akiulizwa "wewe ni mchawi?" anaweza kuitikia "ndiyo", kwa sababu anaitikia kila kitu. Kila moja ya dalili hizo, katika vijiji vyetu, imeshatumiwa kuwa ushahidi wa kumuua mtu. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizi hadi ikabidi pawepo kimbilio lao pale Kaya Godoma, Ganze. Huku kwetu, Shinyanga na Mwanza, vikongwe walikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizotupikia maisha yao yote. Na mara nyingi, ukichimba, chini ya neno "mchawi" utakuta ekari za shamba.

Fanyeni haya wiki hii. Ombeni hospitali barua yenye jina la ugonjwa. Mpelekeeni chifu na mzee wa kijiji, na pia imamu au mchungaji, mwombe asome na kueleza mbele ya watu. Maneno ya vijana wale yapelekeni polisi, na majina yao yaandikwe. Nyanya asilale peke yake. Wekeni komeo juu ya mlango ambapo hatazoea kupapasa, lakini ndani kuwe na mtu, msimfungie na kuondoka, kwa sababu ya moto. Kama maneno yanazidi, mhamisheni kwa ndugu wa mji mwingine kabla hamjaendelea na mazungumzo.

Mjukuu asiyefanya vizuri shuleni hajaambukizwa kitu. Anaishi katika nyumba inayotishiwa. Mtafutieni mwalimu wa kuzungumza naye.

Mzee wetu amefariki, alikuwa na Alzheimer. Waoshaji wawili wamekataa kumuosha, wanasema ubongo wake una ugonjwa. (Zanzibar)

Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Anaoshwa kama maiti mwingine yeyote. Glavu na aproni zinatosha, na huvaliwa kwa kila maiti kwa sababu ya damu na majimaji. Hazihitaji kuzidishwa kwa sababu ya Alzheimer. Maji yale yanamwagwa panapomwagwa siku zote. Kama waoshaji bado wana hofu, watoto wa marehemu waingie wao, ni haki yao ya kwanza, na mkubwa wa waoshaji asimame pembeni kuwaelekeza. Msimcheleweshe kwa ajili hii.